Hodi kwenye Boya la Ndege

Vijana wangu wa karakana, kila mnapoingia chumba cha nyuma kutafuta kipande cha ubao, macho yenu yanakwenda juu, kwenye kile chombo kirefu nilichokining'iniza kwenye kenchi. Mmoja wenu alisema ni mtumbwi wa watoto. Mwingine, huyu mwenye mdomo mrefu mnayemjua, alisema ni jeneza la mtu mwembamba. Halafu mkono unanyanyuka ili kukigonga, na mimi napiga kelele hadi mnadondosha misumari. Najua mnasema mzee Kaspari ameanza kuchanganyikiwa. Labda. Lakini kelele zile zina sababu, na kwa kuwa miguu imegoma na kazi yangu sasa ni kukaa kwenye benchi na kuwakosoa, nitawaeleza leo, ili nikiondoka asije mtu akakigonga kwa kutojua.

Kile ni boya la ndege. Ndege ya jeshi la majini la Japani, ya namna iliyoundwa katika ile miaka ya kati ya vita viwili vikuu vya dunia, Ifakara yetu ikiwa bado chini ya Mwingereza. Boya hilo nililitengeneza mimi, hapa hapa. Chekeni kwanza, halafu sikilizeni.

Lazima nianze na habari ya kugonga. Mtumbwi wa gogo moja hauna mahali pa kuingiza kipimo. Nje umeshamaliza, ndani unachonga kwa tezo, na kati ya tezo na maji ya mto kuna unene usiouona. Baba mdogo Lukas, mdogo wake marehemu baba, ndiye aliyenifundisha kazi hii kule upande wa kivuko, enzi hizo daraja halijajengwa. Yeye alipima kwa kifundo cha kidole. Anagonga, anasikiliza, anasogea kidogo, anagonga tena. Mti ulio mnene bado unajibu kwa uzito, kama mtu aliyeamshwa usingizini. Mti uliofika unajibu wazi na upesi. Ukishasikia hivyo, weka tezo chini ukanywe maji, maana ukiendelea utatokea upande wa pili.

Mimi nilitokea upande wa pili. Mtumbwi wangu wa kwanza niliuchonga nikiwa na mafua. Masikio yameziba, kila nikigonga nasikia uzito tu, nami nikazidi kuchonga kwa bidii ya kijinga. Baba mdogo alipokuja kukagua aliuinua upande mmoja, akaona jua linapenya. Hakunikaripia. Alisema tu, "Mwanangu, mama zako watakushukuru. Umewapatia chujio la tui." Jina la Chujio lilinifuata hadi siku ya harusi yangu, na mke wangu Gaudensia hulitumia mpaka leo nikimkera. Kwa hiyo fundi mwenye mafua asichonge, apige randa mbao za nje.

Kazi ikimridhisha, Baba mdogo hakusema neno. Aliupiga mtumbwi kofi moja kwa kiganja, paa, akageuka akaondoka zake. Nilifanya kazi kwa miaka kabla ya kulisikia kofi hilo, na siku niliyolisikia nilikwenda nyuma ya vichaka nikalia kwa furaha.

Sasa kuna mtumbwi mmoja ambao haukugongwa. Katika ukoo wetu, mtu akizama na mwili usipatikane, alichongewa mtumbwi mdogo, ukasukumwa mtoni mtupu, ili yule aliyepotea apate cha kupanda. Mtumbwi huo ulipimwa kwa macho tu. Ukitoka mnene, sawa. Ukitoboka, sawa. Nilipokuwa kijana nilimuuliza Baba mdogo kwa nini tusiugonge kama mingine. Alinitazama kama anayemtazama mtoto aliyeshika kisu. "Kugonga ni kubisha hodi," alisema. "Hodi ikiitikiwa, utasema nini? Utasema umekosea mlango?"

Nilicheka. Nilikuwa kijana kama ninyi.

Bwana Hatano, Mjapani, alikuja bondeni kwetu kama mtaalamu wa umwagiliaji wa mashamba ya mpunga. Wenzake walipomaliza mkataba na kurudi kwao, yeye aliyekuwa amefikia umri wa kustaafu akabaki. Alipanga nyumba karibu na karakana yangu, akanunua baiskeli, akalima vitunguu vya majani. Alikuwa mtu wa adabu kupita kiasi. Alimwamkia kila mtu shikamoo kwa kuinama, wazee kwa watoto, hadi siku moja akamwamkia kichanga mgongoni kwa mamake, na mama wa watu akaitikia marahaba kwa niaba ya mtoto.

Alianza kuja kukaa karakanani kunitazama. Siku moja alikuja na kifurushi cha kitambaa, akakifungua, ndani mna randa ya mti, ndogo, nyeusi kwa mafuta ya mikono ya watu. Nikaishika, nikaiweka kwenye ubao, nikasukuma kama ninavyosukuma randa yoyote. Ikaruka, ikanikwaruza kidole. Bwana Hatano akaichukua taratibu, akaiweka kinyume, akaivuta kuelekea tumboni kwake. Utepe wa mbao uliotoka ulikuwa mwembamba hata ungeweza kuona mkono nyuma yake. Hapo ndipo nilipomwelewa. Wajapani wanavuta randa, wanavuta na msumeno. Na sisi wa tezo tunavuta pia, tunachonga kuja mwilini. Nilimwambia, "Mzee, kumbe ninyi ni Wandamba wenzetu mliopotea njia." Alicheka hadi machozi yakamtoka, halafu akaendelea kutoa machozi wakati kicheko kimekwisha.

Randa ilikuwa ya babake. Babake, aliniambia, alikuwa fundi wa maboya ya ndege. Jeshi lao la majini lilikuwa ndiyo kwanza linajifunza kuruka. Waingereza walikwenda kuwafundisha, kisha wenyewe wakaanza kuunda za kwao. Ndege zilikuwa za mbao na kitambaa, mabawa mawili, moja juu na moja chini, yameshikanishwa kwa nguzo na waya. Nyingine zilitua juu ya sitaha ya meli. Nyingine hazikuwa na magurudumu kabisa. Zilivalishwa maboya mawili mfano wa mitumbwi, zikashushwa kutoka kwenye manowari, zikaruka kwenda kupeleleza, na zikirudi zilitua baharini zikanyanyuliwa kwa kamba na winchi. Maboya hayo waliyaunda maseremala na mafundi wa mashua, maana nani mwingine angejua mbao na maji? Baadaye chuma kilikuja, mafundi wa mbao wakarudi kutengeneza makabati. Niliposikia hayo nilimhurumia mtu nisiyemjua, kwa sababu hata mimi nimeishi kuona boti za plastiki zikipita mahali pa mitumbwi yangu.

"Fundi," akasema Bwana Hatano, "nataka tuunde moja. Bila injini. Ya kuelea tu."

"Ya kazi gani, mzee?"

"Ya kumbukumbu ya kazi ya baba."

Mlisikie jibu hilo vizuri, kwa sababu mimi sikulisikia vizuri. Nilidhani ni kumbukumbu kama watu wanavyotundika picha ukutani. Hakusema uongo, ila hakusema yote, na mimi sikuuliza, maana mtu mzima ukimhoji sana ni utovu wa adabu.

Kazi ile ilinifundisha mambo mengi ambayo sijawahi kuyatumia tena. Mbao za mkangazi tulizipasua nyembamba na kuzikunja kwa mvuke wa sufuria ya Gaudensia, sufuria ya sherehe, na ugomvi wake nauacha. Mianzi ya mabawa tuliitoa kijiji cha Kisawasawa, chini ya milima, ikakauka darini. Gaudensia alishona nguo za mabawa kwa kitambaa cha marekani, mshono wa kurudi nyuma, na badala ya dawa za viwandani tulizipaka uji wa mchele hadi zikakaza kama ngoma, kisha vanishi juu. Majirani walikuwa wakisimama nje wakinusa uji wakidhani kuna msiba. Mbele, mahali pa injini, tulifunga gunia la mchanga ili ndege isikae mkia chini. Katikati tukaweka viti viwili, cha mbele cha rubani na cha nyuma cha mwenzake.

Maboya ndiyo yaliyokuwa kazi hasa. Boya si mtumbwi. Ndani limegawanywa vyumba kwa kuta za mbao, ili chumba kimoja kikipasuka vingine vielee. Kila chumba kina tundu dogo chini lenye kizibo. Juu linafunikwa lote na kuzibwa. Bwana Hatano alipiga mstari mwekundu ubavuni, mahali maji yanapopaswa kufika ndege ikiwa tupu. Aliupiga kwa mkono usiotetemeka, ingawa siku hizo hata kikombe cha chai alikishika kwa mikono miwili.

Siku tuliyofunga boya la pili ilikuwa mchana wa jua kali. Bwana Hatano alikwenda kujinyoosha. Nilibaki peke yangu nikilipitisha kitambaa, na mkono wangu ukafanya ulichozoea. Nikaligonga kwa kifundo, kutoka puani kuelekea mkiani, nikisikiliza. Lilijibu vizuri, wazi na upesi. Nilipofika chumba cha mwisho nikagonga, nikasikia jibu la mti. Kisha nikasikia jibu jingine.

Nilijua ni panya. Fundi yeyote angejua ni panya. Nikaguna, nikagonga mara mbili ili atulie. Ndani ikagongwa mara mbili. Nikasimama pale kitambaa mkononi. Nje pikipiki ilipita, jogoo akawika kwa jirani, kila kitu kilikuwa cha kawaida. Nikagonga mara tatu, polepole, ya mwisho nikiichelewesha makusudi. Nikajibiwa mara tatu, na ya mwisho ilicheleweshwa vilevile. Panya hawajui kuhesabu, vijana wangu. Nilitoka nje nikakaa juani, na pamoja na jua lile lote nilihisi baridi.

Bwana Hatano alipoamka sikumwambia. Nilimwomba tu tuzibue vizibo, tuone kama hewa imekaa sawa. Vya mbele vilikuwa vikavu. Nilipochomoa cha chumba cha mwisho, maji yakatoka, kiasi cha kikombe, yakadondoka kwenye vumbi la mbao. Boya halikuwa limegusa maji tangu liundwe. Gaudensia, aliyekuwa amekuja kudai sufuria, akachovya kidole akalamba. "Baba Fide," akaniambia, "nani amechezea chumvi yangu?"

Nikalamba na mimi. Ilikuwa chumvi kweli. Na palikuwa na harufu niliyokuwa sijawahi kukutana nayo, ya ubichi na ukali pamoja. Miaka mingi baadaye nilikwenda Dar es Salaam kumwona mwanangu Fide, tukavuka kwa pantoni kwenda Kigamboni, na upepo ulipotupiga usoni nilishika reli kwa mikono miwili, Fide akadhani ni presha. Ilikuwa ile harufu. Kabla ya siku hiyo sikuwa nimewahi kuiona bahari.

Bwana Hatano hakulamba. Aliyatazama tu yale maji yakizama kwenye vumbi. Ndipo nikamuuliza lile ambalo ningemuuliza mwanzoni. "Mzee, chombo hiki tunamtengenezea nani?"

Akaniambia. Babake alikuwa na tabia ya kupanda kiti cha nyuma siku ya kujaribu ndege, ili marubani waone kwamba fundi anaiamini kazi yake. Siku moja waliruka, ukungu ukashuka, na hawakurudi. Lililorudi ni boya moja, lilikutwa likielea baharini peke yake. Walipolifungua lilikuwa kavu ndani. "Kazi ya baba ilikuwa nzuri," alisema. "Boya halikupotea. Baba ndiye aliyepotea." Hakukuwa na mwili wala kaburi. Mamake aliweka bakuli la wali mezani kila jioni kwa ajili ya mtu yule, hadi alipokufa.

Hapo nikakumbuka jambo nikataka ardhi inimeze. Mwanzoni kabisa mwa urafiki wetu Bwana Hatano alinikaribisha chakula, nikakuta mezani mabakuli matatu kwa watu wawili. Nikamaliza la kwangu, nikaona la tatu halina mwenyewe, nikalivuta nikalila pia. Wali wa Ifakara hauachwi. Aliinuka akalijaza upya, akalirudisha mahali pake. Mimi nikashukuru nikadhani ni ukarimu.

Nilikwenda kwa Baba mdogo Lukas siku hiyo hiyo. Alikuwa mzee sana, anaona kwa shida, lakini masikio yake yalikuwa mazima.

"Shikamoo Baba mdogo."

"Marahaba, Chujio. Mbona unahema?"

Nikamweleza. Aliuliza mambo mawili tu. "Umegonga?" Nikasema nimegonga, sikujua. "Ikaitika?" Nikasema imeitika. Akapapasa fimbo yake.

"Basi sasa hamuundi ndege," akasema. "Mnapokea mgeni. Chombo kile asikipande mtu hai. Mwambie huyo rafiki yako."

Nikamwambia. Na hapo ndipo shida yenyewe ilipoanza, kwa sababu Bwana Hatano alikuwa amepanga kupanda tangu siku ya kwanza. Alikaa kwenye benchi, hapa nilipokaa mimi, akanieleza kwa utulivu kama anayeeleza ratiba ya kumwagilia mpunga. Masika mto ukijaa, bonde lote likawa maji, angeketi kiti cha mbele. Mimi ningekata kamba. Maji ya Kilombero yanaingia Rufiji, na Rufiji inakwenda baharini. Alikuwa mgonjwa, alisema, madaktari wamemwambia la kumwambia. Hakujua kuogelea. "Baba aliondoka na mtu mwingine," alisema. "Nimemngoja maisha yangu yote. Nataka safari hii aende na mimi."

Vijana, nilimpenda mtu yule. Sijui niseme vipi zaidi ya hivyo. Nilirudi nyumbani nikamwambia mke wangu, naye hakuinua macho kwenye mchele aliokuwa akipepeta. "Ukikata kamba hiyo," alisema, "usirudi kwangu." Na mimi nilijua kwamba nisipokata mimi, Bwana Hatano ataikata mwenyewe.

Masika yalifika. Maji yalipanda yakafunika majaruba ya mpunga, yakafunika njia za ng'ombe, hadi kutoka ukingoni unaona maji na vilele vya matete na mawingu tu. Tulimkodi Masanja, Msukuma aliyekuwa na mkokoteni na maksai wawili wazuri. Mabawa tuliyabeba vichwani, mwili na maboya vikapanda mkokoteni. Njia nzima maksai walikwenda kwa kusitasita, na tulipofika karibu na maji wakagoma kabisa, macho yametoka, wanatazama nyuma kwenye mzigo.

"Mzee Kaspari," Masanja akasema kwa sauti ya chini, "hawa ng'ombe nimewalea mwenyewe. Wanavuta mpunga, wanavuta mbao, wanavuta maiti, hawaogopi. Hii mali yenu ina mtu ndani?"

"Haina mtu, baba."

"Wao wanasema inaye."

Tukaishusha wenyewe. Tukafunga mabawa, tukakaza waya, tukaisukuma hadi maji yakaipokea. Baba mdogo tulikuwa tumemleta kwa baiskeli, akakaa kwenye kigoda ukingoni akisikiliza. Nikashika kamba. Ndege ikatulia juu ya maji, nyeupe, mabawa yamekaza, na mimi nikasahau hofu yangu kidogo kwa sababu ilikuwa nzuri mno.

Kisha nikautazama mstari mwekundu, nikauona umezama.

Mtu aliyekua mtoni anauona mtumbwi kwa mbali na kukwambia umebeba watu wangapi na wamekaa wapi. Hilo si uchawi, ni mazoea. Ndege ile ilikuwa tupu. Lakini ilikuwa imekaa kama chombo kilichobeba mtu mzima mmoja, na huyo mtu amekaa nyuma. Nikaingia majini. Nikashika gunia la mchanga, halijasogea. Nikapapasa vizibo kimoja kimoja, vyote vimekaza, nikatikisa maboya, hakuna sauti ya maji ndani. Kiti cha nyuma kilikuwa kitupu, isipokuwa mbao yake ilikuwa imelowa.

"Baba mdogo," nikaita, "imezama mkia. Ina uzito wa mtu."

"Ameshafika," Baba mdogo akajibu.

Bwana Hatano alikuwa ameshavua viatu. Alivipanga vizuri ukingoni, vidole vikielekea nchi kavu, akaingia majini hadi magotini, kisha kiunoni. Alikuwa ameona alichokiona. Uso wake ulikuwa wa mtoto anayeitwa nyumbani. Akashika nguzo ya bawa, akainua mguu apande.

Sikuwa nimepanga la kusema. Nilimshika mkono, jambo ambalo sikuwahi kulifanya tangu nimfahamu, na maneno yakatoka yenyewe. "Mzee, babako alikuwa fundi. Fundi hapandi kazi ya mwanawe ili aondoke nayo. Anapanda ili aone kama imekaa sawa. Umemwita akague. Muulize kwanza kama ameridhika."

Alinitazama. Mguu ukabaki juu ya boya. Nilijua kwamba akivuta kwa nguvu sitaweza kumshikilia, kwa sababu nusu ya moyo wangu ilitaka kumwachia.

Akaushusha mguu. Akasogea hadi ubavuni mwa kiti cha nyuma, akainama hadi uso ukakaribia kugusa maji, akasema maneno kwa lugha yao. Yalikuwa machache, na mwishoni sauti ilipanda kama swali. Kisha akanyoosha mkono, akaligonga boya kwa kifundo cha kidole kama alivyoniona nikifanya. Matete yakaacha kutikisika. Masanja alikuwa ameshika pembe za maksai wake, midomo inamtembea kwa sala.

Kutoka ndani ya boya, pasipo kiganja cha mtu yeyote, likapigwa kofi moja. Paa.

Na mkia ukainuka. Niliona kwa macho yangu haya. Ndege ilijiinua taratibu kama mtumbwi mtu anaposhuka kwa uangalifu, ikayumba mara moja, na mstari mwekundu ukatoka majini unang'aa, ukakaa sawasawa juu ya maji mbele na nyuma. Kiwimbi kidogo kilitoka kwenye boya, kikapita baina yangu na Bwana Hatano, kikaenda hadi ukingoni, kikavunjika kwenye tope karibu na vile viatu. Nyuma yetu maksai walishusha pumzi. Walilala chini wote wawili wakaanza kucheua.

Baba mdogo hakuwa ameona chochote. Alisimama kwa fimbo yake, akasogea pembeni kama unavyompisha mtu njiani, akasema, "Karibu, mzee mwenzangu."

Bwana Hatano alilia pale majini muda mrefu, nami nikalia naye sina aibu. Alipomaliza, aliniambia kitu ambacho alikuwa hajanieleza. Babake kazi ikimridhisha alilipiga boya kofi moja, kisha akatoka nje kuvuta sigara. Hakuwahi kumsifu mtu kwa mdomo.

Tulirudi nyumbani kwake tumelowa. Alipika wali mwenyewe, akaleta mezani mabakuli mawili. Niliyaangalia, na mikono yangu ikakaa mapajani, nikiogopa kosa lile la zamani. Akalisukuma la pili mbele yangu. "La kwako, fundi," alisema. "Yeye amekwishafika."

Aliishi misimu kadhaa baada ya hapo, mingi kuliko madaktari walivyomwambia. Ndugu zake walipiga simu wakitaka arudi akafie kwao. Alinipa simu nimsaidie kuwaelewesha, nami sikujua neno la lugha yao hata moja, akachukua tena akacheka akasema nao. Baadaye alinitafsiria alichowaambia. "Baba ameshuka hapa. Mimi niende wapi?" Tulimzika kwenye makaburi yetu, na pembeni yake tukainua tuta jingine dogo lisilo na mtu. Mvua zikilisawazisha huwa nalipandisha tena. Baba mdogo Lukas naye amelala mstari huo huo.

Mabawa yaliliwa na mchwa, boya moja likaoza. Lililobaki ndilo lile la kwenye kenchi. Silitumii, silipaki rangi, na silizibui vizibo vyake.

Nilifikiri jambo hili limekwisha. Lakini wiki iliyopita mmoja wenu, simtaji, alimaliza kiti chake cha kwanza, akakiacha chumba cha nyuma ili gundi ikauke. Baadaye alinijia hapa benchini, uso umepauka. "Mzee," akasema, "samahani, nani yuko kule nyuma?"

"Hakuna mtu. Kwa nini?"

"Nimesikia mtu amekipiga kiti changu kofi."

"Mara ngapi?"

"Moja tu."

Nikamwambia akichukue akampelekee mteja, kimepita.